Mkono Ulioshika Ulimi wa Baba

Picha pekee ya baba yangu niliyo nayo haina macho. Ni picha ya eksirei ya uso wake, iliyopigwa hospitalini Tabora miaka michache baada ya uhuru. Mahali pa macho pana mashimo mawili, meno yanaonekana yote pamoja na lile lililooza, na kila upande wa pua kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa wa shavu. Madaktari wanaviita vyumba hivyo sainasi. Vya baba ni vyeusi, maana yake ni safi. Vyangu, katika picha iliyopigwa wiki hiyohiyo, kimoja kilikuwa cheupe kama uji. Watu wengine wana picha ya mzazi ukutani, amevaa koti la kuazima na kuketi kwenye kiti cha mpiga picha. Mimi nikitaka kumwona baba inabidi nimwinue dirishani ili jua lipite ndani yake. Naishi peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza ninafanya nini.

Wakati huo nilikuwa mganga msaidizi, kijana, na koti langu jeupe nililipiga pasi hata siku za mapumziko. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki, na kiburi cha mtu wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa soksi. Ndipo akaja daktari mgeni, mtafiti wa magonjwa ya pua na koo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni, ambaye angeweza kukuuliza kama umeamka salama saa nane mchana. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kinyamwezi na Kisukuma. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Alichokuja kutafuta ni kitu ambacho sisi tulikizoea mno hata hatukukiona kuwa ajabu. Kwetu tulikiita sauti ya mzigo. Mtu mmoja anaimba, lakini zinatoka sauti mbili: ya chini inakoroma kama jiwe la kusagia, na juu yake inapita nyingine nyembamba, kama mluzi wa mtu aliye mbali. Wazee walisema ilianzia kwa wapagazi. Babu wa baba yangu alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na mzigo ukikaa begani siku nyingi shingo hukaza, koo hubanwa, na pumzi ikilazimishwa kupita penye kubanwa hutoka na mwenziwe. Reli ilipokuja mizigo ikapanda garini, sauti ikabaki. Ikahamia mashambani, kwa manju, yule kiongozi wa nyimbo anayewaimbia watu wakilima ili majembe yashuke pamoja. Baba alikuwa manju. Alijifunza akiwa kijana kwa kuimba huku amebeba gogo la mninga begani, na mpaka uzee bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto.

Daktari alitaka kujua sauti ile ya pili inatoka wapi hasa. Je, ni kooni, au ni katika vile vyumba vya hewa vya usoni? Na mwimbaji ambaye vyumba vyake vimejaa usaha, anaipoteza? Kwa hiyo kila mwimbaji aliyekuja alipigwa picha ya uso, akatazamwa pua, akatazamwa koo kwa kioo, kisha akaimba mbele ya mashine ya kunasia sauti. Walikuja kutoka Nzega, kutoka Choma, kutoka vijiji vya kando ya reli. Wengine walikuja kwa ajili ya chai tu, na hawakuwa na sauti yoyote zaidi ya ile ya kuombea sukari.

Swali lile la pua lilinigusa kuliko nilivyomwonyesha. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kamasi. Pua yangu iliziba masika na kiangazi, kichwa kiliuma juu ya macho, na nilikulia Usoke, kati ya mabani ya kukaushia tumbaku, bila kujua tumbaku inanukaje. Baba alijaribu kunifundisha kuimba mara moja tu. Aliniwekea kigogo kidogo begani, akaniambia nitoe sauti kutoka chini. Niliyoitoa ilikuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Baba hakucheka. Alikitoa kile kigogo taratibu, akasema, "Basi, mwanangu. Wewe utasoma." Nikasoma. Lakini miaka yote sikujua kama alinipa kitu siku ile au alininyang'anya.

Daktari aliponipiga picha na kukiona chumba cheupe alinisafisha mwenyewe. Alipitisha sindano nene puani, ikavunja ukuta wa mfupa kwa sauti niliyoisikia ndani ya jicho, akasukuma maji ya chumvi, na kilichotoka sitakieleza. Siku ya tatu nikaamka nanusa. Kitu cha kwanza nilichonusa maishani mwangu kilikuwa chumba changu mwenyewe katika nyumba za wafanyakazi: mafuta ya taa, soksi, na shuka moja iliyolaliwa na mtu mmoja. Nilikaa kitandani nikaihisi harufu ile mpaka nikachelewa kazini. Sikuwa nimejua kwamba upweke unanuka. Nilifungua dirisha, na haikusaidia.

Sasa nieleze namna tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye habari yenyewe. Kutazama koo kwa kioo si jambo la nguvu, ni la mikono. Mgonjwa anaketi wima, anatoa ulimi. Wewe unaushika kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa mkono wa kushoto, na kuuvuta taratibu. Mkono wa kulia una kioo kidogo chenye mpini mrefu, ambacho umekipasha moto juu ya taa ya spiriti ili pumzi isikifunike ukungu. Unakiingiza mpaka nyuma ya kaakaa bila kugusa ulimi. Kwenye paji la uso wako kuna kioo kingine cha duara kinachotupa mwanga ndani. Mgonjwa anasema eee, na kikoromeo kinafunguka mbele yako. Mkono wa kulia ndio wenye akili, kwa hiyo unapewa kioo. Wa kushoto unashika tu.

Daktari alinifundisha, na nilikuwa hodari. Baada ya miezi miwili aliniachia koo zote, yeye akakaa na mashine yake. Mwimbaji mmoja wa Choma, mfuga ng'ombe mwenye maneno, nilipomwachia ulimi alisema, "Kwetu tukimshika ng'ombe ulimi hivi, tunampa dawa ya minyoo. Mimi mnanipa nini?" Watu wote kwenye benchi walicheka. Nilimwambia tutampa chai. Nilikuwa nimeshika ndimi nyingi mno hata nilikuwa sizioni tena kuwa ni za watu.

Jioni moja nikamwambia daktari kwamba wote hawa ni wanafunzi, fundi mwenyewe ni baba yangu. Sikuombwa kusema. Kesho yake alinipa ruhusa ya siku mbili nikamlete.

Baba hakutaka kuja. Alikuwa akichagua majani ya tumbaku barazani, akatia ugoro puani, akaniuliza kama nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo, mimi ndiye ninayefanya kazi yenyewe. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi kwa sababu ni wewe." Tulipanda treni pamoja, yeye amevaa koti lake la kanisani, na njiani aliwaambia abiria wawili kwamba mwanawe ni daktari. Sikumsahihisha.

Walianza na picha ya uso, ile niliyo nayo. Kisha akaingia chumba chetu. Kwenye benchi walikuwepo waimbaji wanne au watano wakisubiri, pamoja na yule wa Choma aliyerudi kurekodiwa tena. Walimjua baba kwa sifa, wakamwamkia wote. Akaketi. Daktari alikuwa ameinama anafunga utepe kwenye mashine, akaniambia nianze. Nikapasha kioo. Nikasema, kama nilivyowaambia wote, "Mzee, toa ulimi." Akautoa. Nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikauvuta.

Hakuimba mara moja. Alinitazama juu ya mkono wangu. Nilidhani anataka kutapika kama wengi wanavyotaka, nikamwambia kwa sauti ya kazini, "Vuta pumzi, sema eee." Macho yake hayakuondoka kwangu. Kisha akaimba.

Sijaona tena kitu kama kile. Nyuzi za sauti, zile nyeupe mbili, zilikutana. Halafu juu yake ile mikunjo minene, ambayo kwa mtu wa kawaida hukaa kando haina kazi, ikasogea nayo ikakutana, ikaanza kutetemeka polepole, mkunjo juu ya uzi, na sauti mbili zikajaza chumba. Koo lote lilikuwa linafanya kazi kama watu wanaotwanga kwa kupokezana. Nikapiga kelele, "Daktari! Iko hapa! Ni kooni, si puani!" Daktari akaja mbio, akachungulia juu ya bega langu, nami nikaendelea kuushika ulimi wa baba, nikauvuta zaidi kidogo ili naye aone vizuri.

Nilipouachia, nikageuka nikitarajia watu wanashangilia. Waliokaa kwenye benchi walikuwa wamegeuza nyuso. Yule wa Choma alikuwa anaangalia sakafu.

Nilimsindikiza baba stesheni. Nilikuwa nasema njia nzima, mikunjo hivi, nyuzi hivi. Treni ilipokuja nikampa mfuko wake. Hakunyoosha mkono. Nikangoja, nikadhani hakuona, nikauweka chini. Akainama akauokota. "Kazi yako umeifanya," alisema, akapanda.

Mnajua jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na kukataa kulijua. Ilibidi shangazi yangu, dada yake baba, aje Tabora kutibiwa macho ndipo nilipoambiwa waziwazi. Tulikuwa tumekaa nje ya wodi. Aliniambia baba haimbi. Msimu wa kulima ulikuwa umeanza, watu wamemfuata mara tatu, anawaambia koo limechoka.

"Mwanangu," alisema, "ulimi wa mzazi ndio unaotamka radhi. Hauna kazi nyingine kwako. Wewe umeushika kwa mkono wa kuchambia, mbele za watu, ukauvuta kama kamba."

"Ndivyo inavyofanywa, shangazi. Mkono wa kulia unashika kioo."

"Kwani kioo ndicho kilichokuzaa?"

Akanieleza la kufanya, ambalo nililijua. Niende, nipige magoti, niseme nilivyokosa bila kuweka sababu. Baba achukue maji mdomoni anipulizie, na maneno mema yatoke kwenye ulimi uleule. Basi, yamekwisha. Ni jambo la asubuhi moja.

Sikwenda. Nilikuwa na hoja zangu, na zilikuwa nzuri. Nilikuwa nimefanya kazi sawasawa. Nikipiga magoti nitakuwa nakiri kwamba kazi yenyewe ni kosa. Leo nikiyaombea radhi mafunzo yangu, kesho nitaambiwa nisitoboe jipu la mkubwa. Niliyasema haya peke yangu chumbani, kwa ufasaha mkubwa, na hapakuwa na mtu wa kunipinga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi mguu wangu haukuuma kwa muda mrefu, ndiyo maana sikujua umevunjika.

Daktari alimaliza mwaka wake akaondoka na madaftari na tepu zote. Alisema atanitumia kitabu kikitoka. Sikukiona, na sijui kama kilitoka. Aliniachia kioo kimoja cha koo, kile cha paji, na picha mbili za eksirei alizosema hazihitaji, yangu na ya baba. Kwa hiyo sauti ya baba, kama bado ipo, iko kwenye kabati la watu wasiomjua, katika nchi ambayo sijafika. Nilipolitambua hilo nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali na trei ya sindano mkononi, na nililionea wivu kabati.

Miaka ikapita kama inavyopita kwa mtu asiyengojwa. Kila likizo nilikwenda Usoke siku moja. "Shikamoo baba." "Marahaba." Aliniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Nilikula, nikaondoka. Kitu chochote nilichomletea, kilo ya sukari, shuka, nilikiweka mezani, nilikuwa nimejifunza. Nilichumbia mara mbili, na mara mbili nilipofikia kusema baba yangu atakuja kuzungumza na wazee wenu, nikanyamaza, mambo yakaishia hapo. Sikumlaumu mtu. Pua yangu iliziba tena, na safari hii sikwenda kuisafisha. Sikuwa na hamu ya kunusa.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Baba akaondolewa kwenye kiwanja alichozaliwa, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, akapelekwa na wenzake kwenye kijiji cha ujamaa ambako nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi paredi. Sikuwepo siku alipohamishwa. Niliambiwa kwamba alibeba mlango wake mwenyewe, begani, upande ule wa kulia, mpaka kwenye kiwanja kipya.

Barua yake ilinifikia mwaka uliofuata. Alikuwa amemwomba mwalimu wa kijiji amwandikie, na ilikuwa mistari miwili. *Njoo na kioo chako. Mimi baba yako.* Niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya serikali.

Nilifika asubuhi, watu wako kwenye shamba la kijiji. Kabla sijawaona nilisikia. Baba alikuwa anaimba. Majembe yalikuwa yanashuka pamoja, na juu yake lile koromo la chini lililonilea. Nilisimama njiani na begi langu, nikalia kama mtoto. Mwanamke mmoja aliyepita na mtungi aliniambia kwa furaha, akidhani mimi ni mgeni wa chama, "Ndugu, manju wetu amerudi! Miaka yote alikataa, mwezi huu sauti imekuja yenyewe, nzito kuliko zamani."

Ilikuwa nzito kweli. Lakini niliposikiliza zaidi nilitambua kwamba ni koromo peke yake. Ile nyembamba ya juu haikuwepo. Nilisikia hilo. Ninaliandika hapa ili isije ikasemwa kwamba sikusikia.

Baba alikuwa amekonda. Alinipokea mbele ya nyumba, akaitikia salamu, akakaa kwenye kigoda na kugeuzia jua mgongo, kama mtu aliyekwisha jifunza inavyotakiwa. Shangazi alikuwepo, macho yake yamekwisha sasa, na majirani wawili watatu wamesimama. "Koo linakwaruza," alisema. "Nikimeza linauma mpaka sikioni. Nitazame." Halafu akafungua kinywa, akatoa ulimi wake mwenyewe bila kuambiwa, akangoja.

Nilipiga magoti. Haikuwa lazima kwa kazi ile, kigoda kingine kilikuwepo. Nilivaa kioo cha paji, nikakamata jua, nikalitupa kinywani mwake. Nikapasha kioo kidogo kwenye jiko la shangazi. Kisha nikachukua gozi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kulia nikaushika ulimi wa baba, taratibu, kama unavyopokea kitu ulichopewa. Nilisikia shangazi akiuliza jirani kwa kunong'ona, "Mkono gani?" Na jirani akamwambia.

Kioo kilibaki mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa haujawahi kushika kioo. Ulitetemeka. Kilielekea pembeni, kikagusa ulimi, baba akakakamaa. Nikakitoa, nikakirudisha, kikaingia ukungu. Niliona wekundu. Niliona mate, na ukingo wa kile kifuniko cha koo. Chini yake, pale penye mikunjo na nyuzi, pale nilipopajua kuliko mahali popote katika mwili wa baba yangu, sikuona kitu.

Ningeweza kubadilisha mikono. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nilijua, nikiwa nimepiga magoti pale, na ule ulimi umelala kwenye kiganja changu cha kulia kwa amani. Watu walikuwa wanatazama. Na si watu tu. Mimi mwenyewe sikutaka. Nilikuwa nimengoja miaka kumi hivi.

Nikautoa mkono. Baba akafunga kinywa, akameza kwa shida. "Umeona?"

"Nimeona, baba. Pako salama. Ni kuimba tu baada ya kupumzika muda mrefu."

Nikasema nililokuja kusema. Nilisema nimekosa, sikuweka sababu. Shangazi alikuwa na maji tayari kwenye kata. Baba akanywa, akayashikilia mdomoni kidogo, akanipulizia usoni na kifuani. Yalikuwa maji ya baridi. Akasema kwa lile koromo lake, "Uende urudi. Ulale, uamke. Mikono yako iponye watu." Aliniambia nimletee ugoro wake kutoka ndani, na nilipompa aliupokea mkononi mwangu. Nilirudi Tabora nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Dirishani mwa treni nilijikuta ninaimba, vibaya.

Walimleta mwisho wa msimu wa mavuno, amebebwa, anapumua kwa filimbi. Safari hii alitazamwa na daktari kijana, mwenzetu, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje. Mimi nilisimama pembeni, nimeshika faili. Daktari akachukua gozi kwa mkono wa kushoto, akaushika ulimi wa baba, akaingiza kioo kwa mkono wa kulia. Haikuchukua hata dakika. Akaniita nje.

Uvimbe ulikuwa umekula uzi mmoja wote na kuvuka upande wa pili. Alisema lazima ulikuwa mdogo wakati sauti ilipoanza kukwaruza, na kwamba miezi ile kulikuwa na la kufanya. Akapekua faili. "Nani alimtazama mara ya kwanza?"

Nikasema, "Mimi."

Hakuniuliza zaidi. Alikuwa mtu wa heshima. Afadhali angeniuliza.

Niliporudi ndani baba alikuwa ameegemea mto. Sauti ilikuwa imekwisha, ya chini na ya juu. Ulibaki mnong'ono, na ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake. "Huyu kijana amenishika kwa kushoto," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ameona."

"Ameona."

Alipumzika kidogo. "Wewe siku ile hukuona."

Nilitaka kusema uongo tena. "Sikuona, baba."

"Nilijua. Mkono ulikuwa unatetemeka." Akanipapasa kichwani, jambo ambalo hakulifanya hata nilipokuwa mdogo, akaacha mkono wake pale. Aliishi wiki tatu. Hatukulizungumza tena, na sikumwambia shangazi wala mtu mwingine yeyote mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo alijua. Alijua sikuona, na akachukua maji ya shangazi akanibariki vilevile. Nimejaribu kujifariji na jambo hilo na kuna siku linanifariji. Siku nyingine nafikiri kwamba mzee aliniita akiwa na koo linalouma, nije na kioo ninachokijua, nami nikamrudishia heshima badala ya matibabu, naye kwa adabu akaipokea. Radhi niliipata. Ninayo. Ninalala nayo peke yangu.

Baada ya matanga niliwasha taa ya spiriti chumbani kwangu, nikaweka chupa ya kinywa kidogo mezani, nikaanza kuingiza kioo kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kinagonga shingo ya chupa kama meno ya mtu mwenye baridi. Nilifanya hivyo kila siku nikitoka kazini. Ilinichukua mwaka na zaidi. Tangu hapo mpaka nilipostaafu kila mzee aliyeketi mbele yangu nilimshika ulimi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikatazama, na niliona kila kitu.